Senti za Huduma na Samaki wa Mama Nabwire

Nyinyi mnaobeba sinia siku hizi, kuanzia Busia hadi Malaba, nina maneno na nyinyi, na kama sauti yangu imepanda mnivumilie. Nilikuwa weita miaka thelathini na ushee. Goti la kulia limekwisha kwa kusimama. Nadhani nina haki ya kukasirika.

Juzi binti yangu alinipeleka kula chakula cha mchana pale Malaba, hoteli ya ghorofa, kila meza na kitambaa chake. Tulikula vizuri. Risiti ikaja, na chini kabisa, kabla ya jumla, pameandikwa gharama ya huduma. Nikamwita dada aliyetuhudumia nikamwuliza, "Hii inakufikia?" Akatazama kaunta kwanza, halafu akanong'ona, "Mzee, hiyo inajiandika yenyewe." Zaidi ya nusu karne imepita na wizi ni uleule, tofauti ni kwamba sasa unapigwa chapa na mashine. Binti yangu akasema, "Baba, tafadhali usianze." Basi nimeanza.

Jina langu ni Makokha. Kazi niliianza miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, katika hoteli moja ya Busia upande wetu wa Kenya, karibu kabisa na geti la kuvukia Uganda. Jina la hoteli silitaji kwa sababu wajukuu wa mwenyewe wapo na hawakunikosea. Mwenyewe tulimwita Tajiri. Nitamfikia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, weita mkubwa wetu. Zamani alikuwa akihudumia watu ndani ya treni, na alijua kupeleka supu gari likipiga kona na tone lisimwagike. Alinijazia sahani mbili maji akanipandisha mlima mpaka getini na kunirudisha, mara nyingi, huku wenye maduka wakinicheka. "Usitazame supu," alikuwa akinikaripia. "Ukiitazama inamwagika. Mtazame mtu unayempelekea." Jaribuni leo mtaona. Na kingine alichonifundisha ni kwamba chai ya dereva haijazwi hadi ukingoni, kwa sababu dereva anakunywa akiwa na haraka, atajiunguza na lawama zitakuwa zako. Chapati yake unaiwekea kipande cha gazeti kando, tayari kufungwa. Mwalimu unamletea maji kabla hajaomba. Wakala wa forodha akikwambia "nitakukumbuka," unatabasamu na kumsahau. Na mwanamume aliyekuja na mwanamke anayemtongoza ataacha bakshishi nono mbele ya macho ya huyo mwanamke, lakini ukichelewa kuichukua, atarudi peke yake kudai amesahau kofia.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo Barasa alilisimulia mpaka nikachoka. Dereva mmoja wa lori kutoka Mombasa aliketi, na kabla hajaagiza hata maji, akatia sumuni, ile senti hamsini, chini ya kisosi. Mimi nilikuwa nimeambiwa bakshishi inaachwa mtu akishakula. Nikaichukua ile sumuni nikamrudishia kwa mikono miwili. "Mzee, umeangusha pesa."

Akanitazama kama nimemtukana. "Kwa hiyo hutaki kunisikilizia?"

Barasa akaja mbio, akaipokea pesa, akaomba radhi, kisha akanivuta jikoni na kucheka mpaka akashika meza. Hapo ndipo nikajifunza kwamba Busia bakshishi ilitangulia chakula, na haikuwa ya kubebewa sahani. Ilikuwa ya sikio.

Mambo yalikuwa hivi. Mtu mwenye mzigo wa kuvusha aliacha karatasi zake kwa karani wa forodha, ambaye ofisi yake ilitazamana na mlango wetu. Karani alizifanyia kazi kwa wakati wake mwenyewe, saa moja, saa tatu, hakuna aliyejua. Huruhusiwi kungoja pale, askari anakufukuza barazani. Kwa hiyo watu walikuja kwetu kula. Karatasi zikiwa tayari, karani alitoka barazani akaita jina lako mara tatu. Usipotokea, anazirudisha chini kabisa ya rundo na unaanza kungoja upya. Sasa ndani ya hoteli kulikuwa na redio, kulikuwa na sufuria, kulikuwa na watu ishirini wanaobishana. Mteja hawezi kusikia kitu. Weita ndiye aliyekuwa akipita mlangoni kila mara, na weita ndiye aliyesikia.

Tulikuwa na ishara yetu na karani. Ukisikia jina la mteja wako, unainua kile kitambaa cha begani juu, mara moja. Karani akikiona anajua ujumbe umefika, na anamngoja huyo mtu kidogo. Halafu unamwendea mteja, "Boss, umeitwa," chapati inafungwa, chai inamiminwa kooni, mtu huyo mbio. Niliinua kitambaa kile mara nyingi sana, mpaka mkono ukazoea kwenda peke yake. Nikiwa kanisani mtu akiitwa kusoma, bega langu lilikuwa likicheza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu hasa, na watu waliiheshimu. Waliotoka ng'ambo walitupa bakshishi, na wengi walikuwa wakarimu kuliko wetu. Pesa za nchi zetu zilipotenganishwa, walituachia shilingi zao, na muuza sabuni wa upande huu akazikataa, basi ikabidi Barasa avuke nazo kila Jumamosi kwenda kununulia sabuni upande wa pili. Tulilalamika, lakini tulilalamika tukiwa na sabuni.

Halafu Tajiri akaenda Kampala.

Alikwenda arusini, akalala katika hoteli kubwa, akarudi na mambo mawili. La kwanza, tai nyeusi za kipepeo, moja kwa kila weita, ambazo ziligeuka kijivu kwa moshi wa jikoni kabla wiki haijaisha. La pili ni karatasi aliyoibandika ukutani kwa mkono wake: KILA SHILINGI INAONGEZWA SENTI KUMI ZA HUDUMA. USIMPE WEITA KITU. Akatuita akatueleza eti huo ndio ustaarabu. Senti zote zitaingia kwenye kisanduku, mwisho wa mwezi tutagawana sawasawa, na weita atakayepokea bakshishi mkononi mwa mteja atakuwa amefanya kazi yake ya mwisho hapo. Mpishi akapiga makofi. Hata mimi nilipiga makofi, na nikikumbuka viganja hivi vinaniwasha.

Mwezi ukaisha. Barasa akaenda kuuliza kwa niaba yetu. Tajiri akamwambia kisanduku kimelipia glasi zilizovunjika. Mwezi wa pili kikalipia tai. Tulikuwa tumeuziwa tai, jamani, na hatukuwa na habari. Mwezi wa tatu Barasa aliuliza tena, Tajiri akamjibu bila kuinua macho, "Mzee Barasa, huduma ni meza, huduma ni viti, huduma ni hilo paa linalokuzuia usinyeshewe. Wewe ulifikiri huduma ni wewe?"

Maneno hayo yalinikata maini. Nilitaka kumrukia. Lakini sikumrukia, na sababu naijua, alikuwa ndiye anayenilipa mshahara. Nikaimeza hasira ile ikakaa tumboni ikitafuta mtu mwingine wa kumwendea.

Ikampata Mama Nabwire.

Mama Nabwire alikuwa muuza samaki wa Port Victoria, mama wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa akinunua ngege asubuhi mitumbwi inapoingia na kuja kuuza Busia sokoni. Siku ile, Alhamisi, alikuja amevaa nguo ya kanisani. Akaagiza chai na chapati, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akawa na maneno mengi. Kule Tororo, upande wa Uganda, kulikuwa na shule ya bweni ya Wakatoliki, na Ijumaa hawali nyama. Msimamizi wa jiko alikuwa amechoka na mtu aliyekuwa akiwaletea samaki waliolala. Amemwambia mama, niletee mzigo wa kwanza Alhamisi kabla ya giza, samaki wakiwa wa leo, na Ijumaa zote za mwaka ni zako. Mama alikuwa amekodi pikapu nzima. Ngege walikuwa ndani ya matenga yaliyofunikwa nyasi mbichi na magunia yaliyolowa, na dereva alibaki nao chini ya kivuli kule sokoni akiwamwagia maji.

"Ijumaa zote, Makokha," akaniambia. "Nikipata hiyo, sitaketi tena sokoni na kufukuza nzi. Na binti yangu Auma ataendelea na shule."

Nikamletea chai yake. Nikangoja. Chini ya kisosi hakutia kitu. Akaona macho yangu yalipokuwa, akaonyesha ile karatasi ukutani, akasema kwa wema kabisa, "Nimeona. Siku hizi mnalipwa pamoja na chakula. Ni vizuri, hamtahangaika tena."

Alisema kwa wema. Nataka mlielewe hilo. Lakini kichwani mwangu nilisikia Tajiri anacheka. Damu ikanichemka. Nikajiambia, wewe mama umevaa kitambaa kizuri cha kichwa, umekodi gari zima, na mimi unanipa karatasi ya ukutani. Basi ukuta na ukusikilizie.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na saa kumi na moja karani anafunga. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikipangusa glasi. Karani akatoka barazani. "Nabwire, samaki."

Na huu mkono, huu hapa, ukainuka wenyewe. Kitambaa kikapanda juu. Miaka ya mazoea ilikuwa imeuinua kabla sijauuliza. Karani akakiona, akaitikia kwa kichwa, akangoja.

Nilikuwa na hatua sita kufika mezani kwake. Sikuzipiga. Nikaendelea kupangusa glasi. Karani akaita mara ya pili, sasa na hasira kidogo. Ndani redio ilikuwa ikiimba, Mama Nabwire alikuwa akichovya chapati na kumweleza jirani yake habari za Tororo. Nilimsikia akisema, "watoto mia tatu, wote wanakula samaki." Karani akaita mara ya tatu. Akanitazama mimi, akafunga dirisha. Nikarudi jikoni na glasi yangu safi.

Kengele ya kufunga ilipogongwa alishtuka, akatoka mbio na viatu vya kanisani, akagonga lile dirisha mpaka askari akamwondoa. Akarudi kwetu akitweta. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Makokha, waliniita? Hukusikia?"

Nikamjibu nikimtazama usoni. "Hapana, mama. Sikusikia."

Jioni ile aliuza ngege kwa bei ya kuwatupa. Wengine hakuna aliyewataka. Asubuhi harufu yao ilifika hadi hotelini, na Tajiri akaniagiza nifunge madirisha ya upande wa soko. Kule Tororo waliendelea na yule mtu wao wa zamani, ijapokuwa samaki wake walilala, kwa sababu aliyelala alifika na aliye mbichi hakufika.

Mzee Barasa alikuwa ameuona mkono wangu. Asubuhi alivua tai yake, akaibandua karatasi ukutani, akaiweka mbele ya Tajiri na kumwambia, "Wewe na karatasi yako mmeanza kuozesha samaki wa watu." Kabla ya saa nne alikuwa ameshafukuzwa. Akapita karibu na mimi akibeba mfuko wake, nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akaniambia, "Mimi hukunikosea," akaenda zake. Alirudi shambani kwake na kulima mihogo mpaka alipofariki. Mtu aliyejua kubeba supu ndani ya treni! Bado nakasirika. Nakasirika nikila, nakasirika nikilala.

Karatasi ilibandikwa tena siku hiyohiyo, na aliyeshika gundi ni mimi.

Sasa msidhani nimewaita hapa kuwafundisha kubembeleza bakshishi. Mteja hana deni na wewe kwa kukutazama. Ninachowaambia ni hiki: ikiandikwa kwenye risiti kwamba kuna pesa za huduma, ulizeni zinakwenda wapi, ulizeni wote kwa pamoja na kwa sauti, sio mmoja mmoja kama alivyotumwa Barasa huku sisi tukichungulia jikoni. Mteja akiuliza kama zinakufikia, mwambie ukweli hata kama kaunta inakutazama. Sisi tulifunga mdomo miezi mitatu. Kama ningemwambia Mama Nabwire maneno matatu tu, "mama, hizo hatupati," angefungua pindo la leso yake. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini kumwambia kungenipatia shida na Tajiri, na kumnyamazia hakukunigharimu kitu. Nilichagua la rahisi nikaliita hasira. Vijana, kuna hasira nyingi sana za namna hiyo, na zinavaa nguo za haki vizuri sana.

Mama Nabwire hakuonekana kwa miezi miwili. Nilianza kujidanganya kwamba ameacha biashara au amehama. Halafu mchana mmoja aliingia, na kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani, mkononi, bila nguo ya kanisani. Akaketi palepale alipoketi siku ile. Nikampelekea chai, mimi niliyefundishwa kutomwaga tone, na kisosi kikajaa.

"Keti," akaniambia.

Weita haketi na mteja. Nikaketi.

"Kesho yake asubuhi nilimwendea karani," akasema. "Nilikwenda kumtukana. Nikamwambia hukuniita. Akaniambia, mama, nilikuita mara tatu, na kijana wenu aliinua kitambaa."

Nikamweleza yote, ya kisanduku, ya glasi, ya tai, ya maneno ya Tajiri kwa Barasa. Nikamwambia hata senti moja hatukuwahi kuiona. Nilieleza kama mtu anayejitetea mahakamani, na nilipomaliza nilitegemea angenihurumia. Nilikuwa mpumbavu kiasi hicho.

Alikunywa chai yake polepole.

"Kesho yake asubuhi," akasema, "huyo Tajiri wako alikunywa chai?"

"Alikunywa, mama."

"Nani alimpelekea?"

"Mimi."

"Ilikuwa moto?"

"Moto, mama." Na sukari nilikuwa nimemkorogea.

"Basi aliyekula pesa zako ulimpelekea chai ya moto," akasema, bila kupandisha sauti. "Mimi niliyelipa ukaniozeshea samaki. Auma yuko nyumbani, anaanika omena. Ukipita Port Victoria umwambie wewe mwenyewe habari ya kisanduku."

Akainuka, akabeba kikapu chake, akaenda mezani kwa Tajiri. Akalipa chai, na senti za huduma juu yake. Tajiri akazipokea, akamwambia, "Karibu tena, mama."